Mlio Kabla ya Kiranjeranje

Mlio ulianza nilipokwisha kuiacha Nangurukuru, pale barabara inaponyooka kuelekea Lindi. Mwanzoni niliudhania upepo. Juni ni mwezi wa kusi, na anayepanda pikipiki kwenye pwani hii huzoea kupigiwa miluzi ndani ya kofia. Lakini upepo hupanda na kushuka upendavyo wenyewe. Mlio huu ulikwenda na gurudumu. Nikiongeza mwendo, unapanda. Nikipunguza, unashuka. Nikabana klachi, injini ikatulia, pikipiki ikaserereka kwenye mteremko, na mlio ukabaki pale pale, nyuma yangu na chini, kama mtu anayetafuna mchanga.

Hapo nilijua kwamba si injini. Nilijua, na bado sikusimama. Nilitaka kufika Mchinga kabla ya adhuhuri, nami nikajiambia neno ambalo kila dereva amewahi kujiambia: itanifikisha.

Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam siku mbili kabla, alfajiri, Mbagala haijajaa magari. Nyuma nilifunga begi la nguo, kilo tano za sukari na doti mbili za khanga za bibi yangu mzaa mama, anayeishi Mchinga. Barabara ya Kilwa nimeipita mara nyingi kwa basi nikiwa nimesinzia; juu ya pikipiki ni njia nyingine kabisa. Unaisikia harufu ya mihogo inayochomwa Kibiti, unaisikia baridi ya Rufiji kabla hujauona mto wenyewe. Nilisimama kidogo kwenye Daraja la Mkapa, ambalo lina urefu wa karibu kilomita moja. Wazee wa kusini hawalipiti bila kukumbuka pantoni ya Ndundu. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2003, mto ukifura, Kilwa, Lindi na Mtwara zilikuwa kama kisiwa. Mbele, Somanga, alama za Mei 2024 bado zinasomeka ardhini. Mvua na Kimbunga Hidaya viliikata barabara hii, na mabasi yakalala njiani. Kusini kunaijua thamani ya kufika.

Siku moja nzima niliitoa kwa Kilwa Kisiwani. Kutoka mji wa Kilwa Masoko unavuka kwa mashua, na kwa upepo mzuri hata soga halijaisha mmeshafika. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981, lakini mimi nilichokifuata ni Msikiti Mkuu. Sehemu yake kubwa iliongezwa enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyejenga jumba la Husuni Kubwa na aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331. Nyongeza ile iliporomoka baadaye, ikajengwa upya karne ya 15. Nilimuuliza aliyenitembeza: watu wamejuaje kwamba iliporomoka, ilhali hakuna aliye hai aliyeona? Akaweka kiganja chake juu ya jiwe la nguzo. "Mawe yenyewe yanasema," akanijibu. "Ila yanataka msomaji."

Nilirudi Masoko jua linazama, nikala wali wa nazi na changu, nikalala. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa nje ya dirisha. Sikuigusa. Kesho yake alfajiri nilipiga kiki tu, nikaondoka.

Basi mlio ukanisindikiza, kilomita baada ya kilomita. Kisha ukabadilika. Kutafuna mchanga kukawa kugonga, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja. Nilipoinama kwenye kona nikahisi mkia wa pikipiki umehama njia yake, umeteleza kidogo kushoto na kurudi. Niliingiwa na baridi ya tumbo. Nikapunguza mwendo polepole bila kugusa breki ya nyuma, nikasimama pembeni, nikaweka mkono kwenye habu ya gurudumu la nyuma. Niliutoa upesi, ilikuwa ya moto kama sufuria. Nikashika tairi juu na chini, nikalisukuma na kulivuta. Lilicheza, kata kata, kata kata. Beringi ilikuwa imekufa.

Vijana wawili waliokuwa wakitoka shamba waliniona. Huo ulikuwa msimu wa ufuta. Pande zote za barabara matita yake yalisimama wima mashambani yakikauka, yakisubiri kukung'utwa juu ya maturubai. "Pole, kaka. Fundi yupo Kiranjeranje, si mbali," akasema mmoja. Hawakuuliza habari ya malipo. Mmoja akashika mzigo wangu akautia kichwani, mwingine akasukuma nami, na tuliposimama kupumzika tulinyanyua mkia ili gurudumu lisijisage zaidi.

Karakana ya fundi ni kivuli cha mkorosho. Kuna benchi, kisanduku cha bati, kopo la petroli, na fremu za pikipiki tatu zilizokufa ambazo sasa ni ghala la spea. Fundi mwenyewe ni mtu wa makamo, mvi zimeanza ndevuni, mikono imeshiba grisi mpaka kwenye mistari ya viganja.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Kaa kwanza."

Nilitarajia ashike spana. Yeye alianza kwa maswali. Ilianza kulia wapi? Ililia vipi, kwa kuvuma au kwa kugonga? Mara ya mwisho gurudumu hili lilifunguliwa lini? Nikamwambia: miezi miwili iliyopita, Dar es Salaam, nilibadilishiwa beringi zote mbili za gurudumu. Akainua nyusi. "Miezi miwili," akarudia, kama mtu aliyesikia umri wa maiti.

Kisha akaisimamisha pikipiki kwenye stendi, akachukua bisibisi ndefu, akagusisha ncha yake kwenye habu na mpini wake kwenye sikio. Kijana wake akalizungusha gurudumu. Fundi akafumba macho. Akahamisha ncha upande wa pili, akasikiliza tena. Akahamia kwenye kibebeo cha sproketi, akasikiliza mara ya tatu. "Kushoto imekwisha," akasema. "Kulia imeumia. Ya sproketi inaanza. Tutoe zote."

Nati ya ekseli ilifunguliwa, cheni ikavuliwa, gurudumu likatoka. Lilipolazwa juu ya gunia, gololi mbili zilidondoka zenyewe, zikabingirika hadi miguuni pangu. Zilitakiwa kuwa duara lenye kung'aa. Moja ilikuwa na ubapa upande mmoja, nyingine imepata rangi ya samawati kwa joto. Keji, ile bati nyembamba inayozipanga gololi zisigusane, ilikuwa vipande. Grisi imegeuka uji mweusi wenye chembe za chuma. Fundi akaikusanya kwa kidole, akaisugua kati ya kidole na gumba, akaninyooshea nami nijaribu. Ule ndio mchanga niliokuwa nikiusikia ukitafunwa tangu Nangurukuru.

Beringi ya kulia ilikuwa nzima kwa macho. Fundi akapitisha nondo upande wa pili wa habu, akaigonga pole pole, kidogo hapa, kidogo pale, ikatoka imenyooka. Akaing'oa sili yake kwa ncha ya kisu, akaiosha kwa petroli mpaka ikawa nyeupe, akaipeleka juani.

"Njoo uone, mwanangu."

Ndani ya njia ya gololi, kwenye chuma kinachong'aa kama kioo, kulikuwa na vidimbwi vidogo vilivyopangana kwa nafasi sawa. Nilivihesabu: vinane. Nikahesabu na gololi: nane. "Hivi havikuletwa na barabara," akasema. "Barabara huchuna kila mahali. Hivi vimepigwa mara moja, siku beringi inaingizwa. Beringi inayoingia kwenye habu hugongwa ukingo wa nje. Huyu aligonga ringi ya ndani, na kila pigo likapita kwenye gololi likaacha alama. Imezaliwa na jeraha."

Akaigeuza kidogo ili mwanga uingie. "Tazama tena. Gololi zilikuwa zinapita wapi?" Mkwaruzo haukuwa katikati ya mfereji, ulikuwa umeegemea ukingoni. Akanyamaza akinisubiri nione mwenyewe, sikuona. Ndipo akaingiza kidole ndani ya habu, akakizungusha, akakitoa kitupu.

"Bushi iko wapi?"

Kati ya beringi mbili za gurudumu la pikipiki hukaa kibomba cha chuma, kirefu kuliko kidole. Hakizunguki juu ya kitu, hakilii, na gurudumu likishafungwa hakionekani kabisa. Kazi yake ni kusimama katikati, ili ekseli inapokazwa kwa nguvu, ringi za ndani za beringi zikute pa kuegemea. Kikikosekana, kila unavyokaza nati ndivyo unavyozisukuma ringi zile zikaribiane, na gololi zinapandishwa ukingoni, zinabanwa, zinapata moto. Gurudumu litazunguka siku ya kwanza, na ya pili, hata mwezi. Lakini limehukumiwa.

Nilisema kwa hasira kwamba fundi wa Dar es Salaam aliniibia. Mzee yule akatikisa kichwa. "Hakuiba. Bushi ya zamani utaiuza wapi? Ilidondoka, ikabingirika, hakuitafuta. Na hakutafuta soketi ya kugongea. Mtu anayejua kazi akifanya hivyo, basi kuna mtu amemsimamia."

Sikujibu. Alikuwa amesoma na hilo pia kwenye chuma. Aliyemsimamia yule fundi nilikuwa mimi. Nakumbuka vizuri: kando ya barabara, jioni, simu mkononi, nikimwambia kila dakika tano kwamba nachelewa. Nilimlipa, nikaondoka hata kabla hajafuta mikono. Haraka haraka haina baraka. Methali hii nimefundishwa nikiwa darasa la pili, na ilinibidi nije kuielewa chini ya mkorosho wa Kiranjeranje.

Beringi zina namba, na namba hizo ni lugha moja dunia nzima. Za gurudumu langu ziliandikwa 6202. Ile 6 ya mwanzo inasema ni ya gololi zinazopita kwenye mfereji wenye kina, 2 inayofuata inasema ni ya daraja jepesi, na 02 inasema tundu lake ni milimita 15. Ya sproketi ilikuwa 6203, yaani milimita 17. Kuanzia 04 unazidisha kwa tano: 6204 ina tundu la milimita 20, 6205 milimita 25. Herufi 2RS zikifuata, jua ina sili za mpira pande zote mbili. Mtu wa Kiranjeranje na mtu wa Göteborg, Sweden, ambako kampuni ya SKF ilianzishwa mwaka 1907 kutokana na beringi aliyoibuni Sven Wingquist, wakitajiana 6202 wanaelewana bila mkalimani. Beringi ya namba hiyo hiyo imo kwenye feni nyingi za dari.

Fundi alikuwa na 6202 mbili kwenye kisanduku chake, bado ziko kwenye karatasi ya mafuta. 6203 hakuwa nayo. Akapiga simu duka la spea Nangurukuru, nikatuma pesa kwa simu, mwenye duka akaikabidhi kwa konda wa basi linaloshuka Lindi. "Sasa tunasubiri," akasema fundi, na kwa mara ya kwanza siku ile neno hilo halikunichoma.

Mama lishe wa jirani alitupa chai na mihogo ya kuchemsha. Wale vijana wa ufuta hawakuwa wameondoka. Mmoja akaniuliza ninakokwenda, nikamwambia Mchinga kwa bibi, na Mungu akipenda, Tendaguru. Fundi akacheka kwa furaha. Alisema tangu utotoni amesikia habari za mifupa ile. Tendaguru ni kilima kilichoko kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, na kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua pale mifupa ya dinosaria. Mmoja wao, Giraffatitan, amesimama hadi leo kwenye jumba la makumbusho la Berlin, urefu wake zaidi ya meta 13. Wachimbaji walikuwa watu wa huku, mamia yao, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani. Na mifupa ile, tani kwa tani, ilifika bandarini Lindi juu ya vichwa na mabega ya watu, safari ya siku kadhaa kwa kila mzigo.

Niliitazama 6202 iliyokuwa kiganjani mwangu. Sweden walikuwa wameshaanza kuuza beringi duniani, na huku mwili wa mtu ndio uliokuwa ekseli. Shingo ndiyo iliyobeba, goti ndilo lililosagika. Leo gunia la ufuta linatoka shamba hadi ghala la ushirika juu ya pikipiki. Uzito ule ule umetoka shingoni kwa mtu ukakaa juu ya gololi nane. Ndiyo maana beringi si kitu cha kugongagonga tu.

Tulipokuwa tukisubiri, fundi hakukaa bure. Kwenye kopo la vyuma chakavu alipata bushi ya pikipiki nyingine, ndefu kidogo kuliko inavyotakiwa. Akakata kijiti, akakipima ndani ya habu kuanzia bega moja hadi la pili, akakitia alama kwa kucha. Kisha akaibana bushi kwenye jiliwa, akaanza kuipiga tupa. Mipigo mitano, anapima. Mitano mingine, anapima. Akaisugua ncha yake juu ya kipande cha kioo chenye msasa ili ikae bapa, akaiinua usawa wa jicho, akairudisha. Nilimuuliza kwa nini asikate kwa msumeno mara moja. "Ikizidi kwa unywele inavumilika," akanijibu. "Ikipungua kwa unywele, utarudi hapa." Kazi ile ilichukua zaidi ya nusu saa kwa kitu ambacho hakuna atakayekiona tena.

Basi likapiga honi, konda akanyoosha mkono dirishani, 6203 ikatua ndani ya kofia ya kijana. Nilidhani sasa nyundo itaanza. Badala yake fundi alizifunga beringi zote tatu ndani ya nailoni, akamtuma kijana akaziweke kwenye friji la soda dukani. Halafu akamwomba mama lishe maji ya moto, akaimwagia habu birika zima, taratibu, kuizunguka. Aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na chuma kikipata baridi hunywea. Kijana akarudi anakimbia, beringi zikitoka jasho la baridi. Fundi akafuta ya kwanza, akaiweka kwenye mdomo wa habu, akaegesha ile beringi ya zamani juu yake ili pigo lishuke ukingo wa nje, akagonga mara mbili kwa nyundo ndogo.

Tup. Ikakaa.

Akaingiza bushi, akaipaka grisi, akatia beringi ya pili, kisha ile ya sproketi, kisha sili mpya. Ekseli ikapita kama uzi kwenye tundu la sindano. Cheni aliiacha ilegee kwa vidole viwili, akanieleza kwamba cheni iliyokazwa kama waya wa nguo huivuta beringi usiku na mchana. Alipokaza nati, alizungusha gurudumu kwa kidole kimoja. Likaenda, likaenda, likasimama lenyewe. Akanipa ile bisibisi ndefu.

"Sikiliza wewe."

Nikaweka mpini sikioni. Nilisikia mnong'ono mwembamba, sawasawa pande zote, kama maji kwenye bomba la mbali. Nikamlipa alichotaja, na kile nilichoongeza alikipokea kwa mikono miwili. Nilimwomba ile beringi yenye vidimbwi vinane. Akaifunga kwenye kipande cha gazeti, akanipa.

Alasiri nilivuka mto Mbwemkuru. Sikukimbia. Kila baada ya kilomita chache nilipunguza mwendo nikategea sikio, na kwenye vituo viwili nilishuka nikagusa habu: vuguvugu, basi. Kusi lilikuwa bado linapiga miluzi kofiani, na sasa niliweza kulisikia kama lilivyo, upepo mtupu. Mchinga niliifikia jua likiwa limegusa minazi.

Bibi alipokea sukari na khanga zake, akanitengea maji ya kuoga. Kabla sijaoga nilirudi uani, nikasimamisha pikipiki kwenye stendi, nikachutama, nikalizungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Bibi akatoka jikoni na kibatari.

"Unasikiliza nini, mjukuu wangu?"

"Nasikiliza kama kuna mlio, bibi."

Akasogea, akainama nami, akategea sikio mpaka gurudumu liliposimama.

"Sisikii kitu," akasema.

"Ndivyo inavyotakiwa."